Chi ya Kwenye Muvi Ilizaliwa Gazetini, Liyongo Wetu Bado Yuko Kwenye Mtihani

Ebu tuanze na swali. Kwenye muvi za Kichina kuna yule mzee wa ndevu nyeupe. Anakaa chini, anafumba macho, anavuta pumzi polepole. Halafu anasukuma kiganja hewani, na majamaa kumi wanarushwa ukutani bila hata kuguswa. Ile nguvu mzee kaitoa wapi?

Nikiuliza hivi kwenye posti zangu, majibu huwa ni yale yale. Shaolin. Wachina wa kale. Iko tangu miaka elfu tano. Na hakosi mmoja wa kusema, "Hayo ni majini tu, yakhe."

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale na hizi muvi nimekua nazo. Nimeziona na maelezo ya DJ Afro, nimeziona kwa Kichina kitupu bila maandishi yoyote chini, na bado nikaelewa kila kitu. Kwa hivyo sikuja hapa kuzidharau. Nimekuja kusema jambo ambalo wengi hawalijui: ile nguvu ya ndani, vile tunavyoiona kwenye muvi, ni kitu cha juzi. Viungo vyake vingine ni vya kale sana, hilo sikatai. Lakini chakula chenyewe kilipikwa kama miaka mia moja hivi iliyopita, na wapishi walikuwa waandishi wa hadithi za majarida na magazeti.

Na sisi watu wa Mvita hili latuhusu kuliko tunavyodhani. Manake hapa pwani tuna shujaa wetu ambaye siri ya mwili wake ilikuwa kitovuni. Nitamfikia. Kwanza twende Uchina.

Pumzi ya kuishi maisha marefu

Neno chi kwa Kichina ni pumzi, hewa, mvuke, ile kitu inayofanya kilicho hai kiwe hai. Wazo hilo ni la kale kweli kweli. Lakini watu wa kale waliitumia chi kufanya nini? Kuwa na afya. Basi.

Mwaka 1973, mahali paitwapo Mawangdui, mjini Changsha, wanaakiolojia walifungua kaburi lililozibwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44 wakifanya mazoezi. Kuna anayenyoosha mikono, kuna anayeinama, kuna anayeiga mnyama. Wake kwa waume, wazee kwa vijana. Hakuna hata mmoja anayempiga mwenzake. Ni mazoezi ya viungo na pumzi, ya kutibu magoti, mgongo na tumbo.

Karibu miaka 1,800 iliyopita kulikuwa na tabibu mashuhuri aitwaye Hua Tuo. Yeye alifundisha mazoezi ya kuiga wanyama watano: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Lengo? Chakula kisagike vizuri tumboni na damu itembee. Yaani ni ile nasaha bibi yako anakupa ukila biriani kisha ukajilaza: "Inuka utembee, mwanangu."

Watawa wa dini ya Tao nao wakaja na ramani ya mwili. Wakasema kuna mahali chini kidogo ya kitovu ambapo pumzi yaweza kuwekwa na kutunzwa, pakaitwa dantian. Lengo lao lilikuwa kuishi miaka mingi, ikiwezekana kutokufa kabisa. Kupigana hakukuwa kwenye mpango.

Shika hapo kwenye kitovu. Tutarudi.

Mashujaa wasiokuwa na chi

Sasa twende kwenye hadithi. Riwaya kongwe inayopendwa sana Uchina kuhusu watu wa vita na majambazi wenye utu ni Shuihu Zhuan, hadithi ya watu 108 walioikimbia serikali wakajificha kwenye vinamasi. Ina umri wa mamia ya miaka. Humo ndani kuna Wu Song, aliyelewa chakari akakutana na chui milia na kumuua kwa ngumi. Kuna Lu Zhishen, mtawa mlevi, aliyeukumbatia mti akaung'oa na mizizi yake.

Hawa ni watu wa miraba minne, wana nguvu za mwili. Wu Song hakukaa chini kukusanya pumzi kabla ya kumkabili chui. Alipiga tu.

Na pale ambapo hadithi ile inahitaji miujiza, nguvu inatoka nje ya mwili. Kuna jamaa aitwaye Dai Zong, anayeweza kusafiri kwa siku moja masafa ambayo wewe na mimi tungehitaji wiki nzima. Anafanyaje? Anafunga hirizi za karatasi miguuni.

Mtu wa pwani akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Hirizi tunaijua. Zindiko tunalijua. Kule Gede wazee walizika vyungu vya fingo kuulinda mji. Kwa mawazo hayo, nguvu ni kitu unachovaa, unachofukia mlangoni, au unachopewa na anayejua kukiandaa. Ukikivua, kimekwisha. Wachina wa Shuihu Zhuan na wazee wetu wangekaa baraza moja wakaelewana vizuri sana.

Na wangeweza kukaa kweli. Merikebu za Zheng He zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Ukiingia makumbusho ya Fort Jesus leo utaona vyombo vya kaure vya Kichina vilivyokuwa kwenye nyumba za watu wetu. Lakini kama baharia wa Zheng He angekaa Malindi usiku kusimulia mashujaa wa kwao, angesimulia watu wa mabavu na hirizi. Mzee wa kurusha watu kwa pumzi alikuwa bado hajazaliwa.

Fort Jesus ni kongwe kuliko mzee wa ndevu

Basi pumzi na ngumi zilikutana lini?

Kitabu kongwe kinachojulikana kuviunganisha waziwazi vitu hivi viwili ni cha mwaka 1624. Kinaitwa Yijin Jing, maana yake kama vile mwongozo wa kubadilisha mishipa na kano. Kinakufundisha kuvuta pumzi, kujikanda na kujigonga mwili kwa vitu vigumu siku baada ya siku, hadi, kinadai, uweze kumtoboa ng'ombe tumbo kwa vidole. Na ili kiuzike, kikabandikwa utangulizi wa uongo uliosema kimetoka kwa Bodhidharma, mtawa kutoka India aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla. Wasomi wa Kichina wenyewe wameushika uongo huo kitambo, kwa sababu tarehe na majina yaliyomo hayaingiliani.

Sasa piga hesabu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, ikamalizika 1596. Yaani lile boma unalopiga picha nalo kila Idi ni kongwe kuliko kitabu hicho. Mtu akikuambia chi ya kupigana ina miaka elfu tano, mwambie aanze kwanza kuifikia Fort Jesus.

Mwaka 1669 ndipo likaja jina. Msomi aitwaye Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi kwa ajili ya mpiganaji mmoja, Wang Zhengnan. Humo akasema kuna mapigano ya nje, ambayo ni ya Shaolin, na kuna mapigano ya ndani, ambapo utulivu unaushinda mwendo. Haya ya ndani, akasema, yalianzishwa na mtawa wa Kitao aitwaye Zhang Sanfeng wa mlima Wudang. Zhang aliota usiku mungu anamfundisha kupigana, na kulipopambazuka akaua majambazi zaidi ya mia peke yake.

Kwa nini msomi mzima aandike ndoto kwenye maneno ya kaburi? Angalia mwaka. Mwaka 1644 Wamanchu walikuwa wameingia Beijing na kuitwaa Uchina. Huang alikuwa amewapinga kwa silaha, akashindwa. Kuna wanahistoria wanaosoma maandishi yale kama fumbo la siasa: Shaolin ni ya Wabudha, dini iliyotoka nje, Wudang ni ya Watao, dini ya nyumbani. Aliyeshindwa kwa upanga anasema, polepole, kwamba nguvu ya ndani ndiyo itakayomshinda mgeni wa nje.

Nikilielewa hilo, habari yote ilinibadilikia. Nguvu ya ndani inapamba moto watu wanaposhindwa nje.

Siku bunduki zilipofika

Hapa pana uchungu kidogo, lakini lazima tupitie.

Karne ya 19, Uchina ilipigwa na Waingereza, ikapigwa na Wafaransa, ikapigwa na Wajapani. Vijana wa vijijini huko kaskazini, wengi wakiwa maskini na wenye njaa, wakaanza kujifunza mazoezi, pumzi na kuita mizimu iwaingie mwilini. Ilikuwepo namna ya mazoezi iliyoitwa Kengele ya Dhahabu. Ahadi yake: mwili wako unafunikwa na kengele usiyoiona, upanga haukati, risasi haipiti. Mwaka 1900 vijana hao, ambao wazungu waliwaita Boxers, waliingia Beijing. Mwezi wa Agosti majeshi ya mataifa manane yakawafuata. Risasi zilipita.

Miaka mitano baadaye, huku kwetu. Julai 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, watu waliochoka na kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani waliinuka. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, akawaahidi kuwa risasi za mzungu zitageuka maji. Kinjekitile alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mwisho wa mwezi, pale Mahenge, maelfu walilikabili boma lenye bunduki za rasharasha. Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907, na Wajerumani walichoma mashamba na maghala hadi njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000.

Mkulima wa Shandong na mkulima wa Umatumbi hawakuwahi kusikiana. Lakini walikuwa na shida moja: adui ana chuma, wewe una mwili. Ukiwa na mwili tu, utatamani mwili uwe na kitu ndani kinachozidi chuma. Sioni ujinga hapo. Naona watu waliokuwa hawana kingine cha kushika.

Nasema haya kwa sababu. Mpaka leo mtaani utasikia stori ya kijana aliyechanjwa chale ili panga lisimwingie, akaingia kwenye vita vya magenge kifua mbele. Mwisho wa stori hizo mwaujua, nyote mmeshaenda mazishi. Nguvu ya ndani kama hadithi ni tamu. Nguvu ya ndani kama ngao ya kuuziwa imeua watu tangu Beijing hadi Mahenge, na anayeiuza huwa hasimami mstari wa mbele.

Ilipohamia kwenye karatasi

Ndoto ile ilikufa vitani ikafufuka Shanghai.

Mwaka 1923 mwandishi mmoja aitwaye Xiang Kairan, mwenyewe akiwa mtu wa mazoezi na aliyesomea Japani, alianza kuchapisha majaridani riwaya mbili za sehemu sehemu. Moja ilijaa watu wa ajabu wanaorusha panga angani. Nyingine ilifuata maisha ya wapiganaji wa kweli, akiwemo Huo Yuanjia, yule ambaye Jet Li alimwigiza. Watu wakapagawa. Mwaka 1928 sehemu ya ile riwaya ya kwanza ikatengenezwa filamu, ikapendwa hadi ikaendelea kufika sehemu ya 18 ndani ya miaka mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ikazipiga marufuku filamu za aina hiyo, ikisema zinawajaza watu ushirikina. Vitabu havikukoma.

Kisha Hong Kong. Hapa pana kisa kitamu.

Tarehe 17 Januari 1954, walimu wawili wa kung fu walipigana ulingoni Macau mbele ya umati mkubwa. Mmoja, Wu Gongyi, alikuwa wa Taiji, yaani upande wa nguvu ya ndani. Mwenzake, Chen Kefu, alikuwa wa mtindo wa Korongo Mweupe. Mji mzima ulizungumzia hilo. Watu walitarajia miujiza. Walichokiona ni raundi mbili za ngumi za ovyo, pua ikitoka damu, na pambano likaisha bila mshindi.

Lakini mhariri wa gazeti moja la jioni pale Hong Kong aliona kitu. Kama watu wana kiu hivi, tuwape hadithi. Siku tatu baadaye, tarehe 20, mwandishi wa gazeti hilo anayejulikana kwa jina la Liang Yusheng alianza kuchapisha riwaya kila siku. Mwaka uliofuata mfanyakazi mwenzake akaingia uwanjani kwa jina la Jin Yong. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa hadithi hizi, na mwaka 1959 akafungua gazeti lake mwenyewe.

Yaani mapigano halisi yalitoa pua yenye damu. Gazeti likatoa chi.

Ni Jin Yong zaidi kuliko mwingine aliyeifanya nguvu ya ndani iwe na sheria zinazoeleweka. Kwenye riwaya aliyoianza 1957, kijana wake Guo Jing ni mzito wa kuelewa. Walimu wake wanamfundisha mateke na ngumi miaka na miaka, wapi. Kisha mtawa wa Kitao anampandisha juu ya jabali usiku na kumfundisha kuvuta pumzi na kulala tu. Ghafla yale yote aliyoshindwa yanaanza kuingia.

Umeona ujanja? Mwandishi wa gazeti anatakiwa kila siku akupe sababu ya kununua kesho. Shujaa wa mabavu, kama Wu Song, ana nguvu zake tangu ukurasa wa kwanza, hakui. Lakini shujaa wa nguvu ya ndani anaweza kuanza dhaifu, akaongezeka kidogo kidogo kwa miaka. Mzee wa miaka themanini anaweza kuwa hatari kuliko kijana, kwa sababu ameweka akiba muda mrefu. Msichana mwembamba anaweza kumtupa jitu. Ukikosea mazoezi, chi inakugeukia na kukuharibu akili. Kuna riwaya ya Jin Yong ambapo mzee anamhamishia kijana nguvu za miaka 70 kwa mkupuo mmoja, kama kumtumia M-Pesa, kisha mzee mwenyewe anabaki na salio sufuri na kufa.

Kutoka hapo ikasambaa. Ki ya Dragon Ball na chakra ya Naruto ni za Japani na zina njia zao, lakini zinatumia hesabu hiyo hiyo: nguvu iliyowekwa mwilini, inayopimika, inayoongezwa kwa mazoezi. Na hapa Mombasa wazazi wetu walipanga foleni Regal, Naaz na Majestic kumwona Bruce Lee miaka ya sabini, kisha vikaja vibanda vya video, kisha sisi na simu zetu. Kijana wa Bondeni leo anaweza kukueleza chakra zaidi ya mwalimu wa sayansi.

Mtu wetu wa kitovuni

Sasa nirudi nyumbani.

Fumo Liyongo wengi wetu tumekutana naye darasani. Fasihi Simulizi, mighani, taja sifa tano za shujaa, maksi kumi, funga kitabu. Ebu mtazame upya, kama vile hujawahi kufanyiwa mtihani juu yake.

Ni mtu wa upande wa Pate na Ozi, kule Tana inakomwagikia baharini. Jitu la mtu, fundi wa upinde, na mshairi. Sultani wa Pate anamwogopa, kwa sababu watu wanampenda. Liyongo hafi kwa mshale, wala mkuki, wala upanga. Kuna njia moja tu: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye na wachache mno.

Kitovuni, jamani. Pale pale karibu na Watao walipochora dantian yao. Sisemi waliambizana. Hakuna dalili yoyote kwamba Liyongo alitoka Wudang. Kitovu ni mahali ambapo kila binadamu aliwahi kuunganishwa na uhai wa mwenzake, kwa hivyo watu wa pande mbili za bahari wanaweza kufikiria mamoja bila kuibiana.

Lakini angalia tofauti. Nguvu ya Guo Jing inafundishika. Wewe na mimi tukikaa juu ya lile jabali tungeipata, angalau kwenye hadithi. Nguvu ya Liyongo haifundishiki, kazaliwa nayo, na ndiyo maana hadithi yake haiulizi "ataipataje?" Yauliza "nani atamsaliti?" Na jibu ni la kuvunja moyo: mtoto wake mwenyewe. Sultani anamwahidi kijana binti yake amwoe. Kijana anamwuliza babake siri. Baba anaelewa kinachoendelea, na bado anamwambia. Siku Liyongo amelala usingizi, mwanawe anamchoma. Liyongo anaamka, anashika upinde wake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, na anakufa vile vile akiwa amelenga. Mji ukakosa maji kwa siku kadhaa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea. Alikuwa ameshakufa na bado wanamwogopa.

Nionyeshe muvi yenye mwisho mkali kuliko huo.

Na kuna ile ya gerezani. Liyongo amefungwa, anangoja kuuawa. Anamwimbia kijakazi Saada maneno ambayo walinzi wanayasikia lakini hawayaelewi: amwambie mama aoke mikate, na ule wa wishwa aufiche tupa ndani. Walinzi wanakula mikate mizuri na kumtupia ule mbaya. Kisha anaomba, kama matakwa yake ya mwisho, apigiwe gungu nje ya gereza. Ngoma na matoazi vikilia, yeye ndani anakata minyororo, na hakuna anayesikia tupa. Kwangu mimi hiyo ndiyo nguvu ya ndani ya mtu wa pwani. Mwili usiotobolewa haukumtoa gerezani. Alitolewa na lugha, na sikio lake la ngoma.

Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi na fundi wa kuchonga, aliuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913. Xiang Kairan alianza kule Shanghai 1923. Miaka kumi tu kati yao, na sisi ndio tuliotangulia! Wote wawili waliichukua hadithi ya watu na kuiweka kwenye karatasi wakati wageni wenye bunduki wanaamua mambo bandarini. Kutoka pale, ya kwao ikapata gazeti la kila siku, ikapata filamu, ikapata vibonzo, ikapata michezo ya simu. Ya kwetu ikapata maksi kumi.

Najua kuna watakaosema Liyongo ni turathi, asichezewe. Nawaheshimu, na bila hao wahifadhi leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Zhang Sanfeng naye ni turathi, na watu wake wamemchezea miaka 350: wakamwotesha ndoto, wakamweka kwenye riwaya, wakampa wanafunzi wasiokuwepo. Hajaharibika. Leo mtoto wa Kuze anamjua.

Na mtu asiseme hatuna pesa. Hadithi hizi hazikuanza na studio. Zilianza na watu wanaoandika kipande cha leo huku hawajui cha kesho, kwenye karatasi ya bei ya chini, kwa wasomaji waliochoka na kazi. Hiyo kazi yaweza kufanywa kwa simu hii hii unayonisomea. Kipande kimoja kila jioni. Kimoja cha gereza, kimoja cha gungu, kimoja cha mtoto anayekaa macho usiku na sindano mkononi na hawezi. Mwandishi wa kipande hicho cha mwisho, akikiandika vizuri, mimi nitakesha kukisubiri cha kesho yake.

Kwa hivyo swali langu la leo kwenye komenti si nani atamshinda nani kati ya Liyongo na Naruto, ingawa najua mtabishana tu. Swali ni hili: kwenu, nyumbani kwenu, kuna hadithi gani ya mtu mwenye nguvu isiyoonekana ambayo uliisikia kwa bibi au babu na hujawahi kuiona imeandikwa popote? Iandike hapo chini. Hata mistari mitatu. Tuanzie hapo.